Bata wa Mama Cobb

Thomasin Pargeter alikaa benchi la nyuma, barakoa usoni kama wanawake wengine waliokuja kutazama mchezo alasiri ile. Mchezo ulikuwa wake, kila neno. Lakini tangazo la mlangoni lilisema umeandikwa na "bwana mmoja wa London", maana Tull, mkuu wa waigizaji, alikuwa amemwambia waziwazi: "Wakijua ni mwanamke watauzomea, dada. Na ukizomewa leo, kesho hauchezwi. Funga domo."

Domo alilifunga. Kosa lake lilikuwa kuja na jirani yake, Mama Cobb mfua nguo, ambaye hakujua lolote ila kwamba ndani kunauzwa machungwa.

Mwanzoni watu walipiga miayo. Kisha mke mmoja akaingia jukwaani, bata bukini kwapani, akimfokea mumewe: "Huyu bata anakushinda akili! Yeye jioni anaujua mlango wa kwao!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Cobb hakucheka. Alipanda juu ya benchi na chungwa lake mkononi.

"We! Hayo maneno yangu! Nilimwambia mume wangu Cobb, jikoni kwangu!" Akamgeukia jirani yake. "Na aliyekuwepo ni wewe tu, Thomasin! Unakunywa bia yangu, kumbe unaiba maneno!"

"Mama, kaa chini, nakuomba."

"Sikai! Vua hiyo barakoa wakuone!"

Waigizaji wakanyamaza. Tull akachungulia pembeni ya pazia, uso umempauka. Vichwa vyote vikageuka nyuma. Thomasin akaona hana pa kujificha, akaivua.

"Ni kweli, Mama Cobb," alisema. "Bata ni wako. Mengine yote nimeandika mimi."

Watu wakaacha kumenya machungwa. Ndipo muuza machungwa mmoja akapaza sauti: "Sasa huyo Cobb, mlango aliuona?"

"Aliuona wapi!" Mama Cobb akamjibu. "Aliingilia dirishani. La jirani!"

Watu walicheka mpaka vumbi likadondoka darini.

"Hiyo haimo!" Thomasin alilalamika, naye akicheka hadi machozi.

"Kesho itakuwemo!" Tull akajibu kutoka jukwaani.

Asubuhi tangazo jipya lilibandikwa, na jina la Thomasin Pargeter kwa herufi kubwa. Mama Cobb alisimama chini yake, akimshika mkono kila mpita njia amsomee.

"Vizuri, vizuri," alisema kila mara. "Na bata wangu wamemwandika wapi?"