Mguu wa Wifi

Muuguzi alikuwa ndio kwanza amevua viatu, hata maji hajanywa, wifi yake alipoingia akichechemea na kujitupa kwenye kochi. Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, ni fundi cherehani, na kwa maneno hashikiki.

“Niangalizie huu mguu, wifi. Si kitu, lakini unanisumbua.”

Akapandisha gauni. Kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi, ngozi ilikuwa imevimba na kukaza, na juu yake kumepakwa kitu cheupe kinachonukia mnanaa.

“Nini hiki?”

“Dawa ya meno. Inapoza.”

“Kwani meno yako yako mguuni?”

Wifi alicheka peke yake. Muuguzi aliuosha mguu kwa maji na sabuni, akaugusa: wa moto. Akagusa wa pili: wa kawaida. Karibu na kifundo palikuwa na mchubuko mdogo uliotoa majimaji. Kanyagio la cherehani lilimkwaruza wiki iliyopita.

“Bakteria wameingilia hapa, sasa wanasambaa chini ya ngozi,” alisema, huku akizungushia uvimbe mstari kwa kalamu. “Uvimbe ukivuka huu mstari, au wewe ukipata homa, usisubiri mtu. Na kesho asubuhi na mapema uje kituoni.”

Kesho yake daktari alimwandikia vidonge vya siku saba, akamwambia apumzike, mguu auinue juu ya mto. Muuguzi alimsindikiza hadi getini akirudia neno moja: vyote, wifi, umeze vyote.

Siku ya nne alipita dukani kwake. Wifi yuko kwenye cherehani, anakanyaga kama anakimbizwa. Mstari haupo.

“Nimeusugua. Wateja wananiuliza nani kanichora ramani.”

“Na vidonge?”

“Uvimbe si umeshapungua? Vilivyobaki nimempa jirani, ana mafua.”

Muuguzi alikaa kwenye benchi la wateja. Miaka kumi na tisa anawaeleza watu jambo lile lile, na aliyemshinda ni wa nyumbani kwake.

“Mafua! Vile havitibu mafua, wifi! Na wewe hujapona, umepata nafuu tu!”

“Basi usinipigie kelele mbele za watu.”

Siku mbili baadaye mumewe alimleta dada yake kituoni akitetemeka kwa homa. Juu ya kifundo jipu lilikuwa limeiva. Daktari alilipasua, akamlaza, akaagiza sindano za mshipani kwa siku tatu. Muuguzi ndiye aliyekuwa akisafisha kidonda.

“Taratibu jamani! Unalipiza kisasi?”

“Tulia.”

Aliporuhusiwa alipewa vidonge vingine, na safari hii muuguzi alikaa navyo mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni akirudi, alisimama mlangoni kwa wifi na glasi ya maji, haondoki mpaka ameze, afungue kinywa, anyanyue ulimi. Wiki ya tatu kidonda kilifunga.

Jumapili wifi alikuja kushtaki kwa mdogo wake. “Huyu mkeo ananifanya mtoto mdogo!”

Mume alimtazama dada, akamtazama mke, akakumbuka mkate umeisha, akatoka kwenda kununua.