Kikapu cha Sita Kinataka Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa mechi, na aliyenichelewesha ni kisahani changu, ambacho kilikuwa hakijamaliza kupiga mswaki.

Nilikaa kitandani kukisubiri. Kilikuwa kimesimama kwenye beseni kikijisugua ukingo taratibu, bila haraka wala aibu.

"Fanya upesi," nikakiambia. "Tukifungwa leo uwanja unakuwa shamba la viazi."

"Najua," kikasema, povu likikichuruzika. "Ndiyo maana siendi na kinywa kichafu."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu hili la viazi si la ndotoni. Mimi ni Atupele, mwalimu wa jiografia katika shule ya bweni ya wasichana huku Rungwe, ambako mvua ikitaka kunyesha haiulizi ratiba ya mtu. Mwaka jana mimi na kidato cha pili tulitengeneza uwanja mfupi wa gofu ya visahani. Ni vikapu sita tu, kuanzia bwalo la chakula hadi nyuma ya maabara. Vilichomelewa karakana: rimu ya baiskeli juu, minyororo ikining'inia, kapu chini yake, na mguu wa bomba uliosimikwa kwenye saruji. Unasimama mbali, unarusha kisahani cha plastiki, kinagonga minyororo na kudondokea kapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Wasichana ambao zamani siku ya michezo walikuwa wanaumwa tumbo wote kwa pamoja, sasa wanagombania zamu.

Makamu mkuu wa shule, Mwalimu Mwakalukwa, anaona ni upuuzi mtupu. "Ardhi ya Rungwe hii, inayotoa viazi kama ngumi," alisema kikaoni, "sisi tunaitupia sahani!" Nilimjibu kwa hasira, na hasira iliponishuka nilikuta nimeshakubali kucheza naye asubuhi ya leo mbele ya shule nzima. Akishinda yeye, vikapu vinang'olewa. Nikishinda mimi, vinabaki.

Mwanzoni nilicheka kimoyomoyo. Huyu ni mtu ambaye kitu pekee anachojua kukirusha ni madaftari ya wanafunzi. Hata mlango haujui: hapigi hodi popote, darasani wala ofisini kwa watu, anasukuma kwa goti na kuingia. Kumbe jamaa ana mkono! Nilimchungulia akifanya mazoezi nikakosa usingizi siku mbili. Na mimi nina ugonjwa wangu ambao shule nzima inaujua. Kikapu cha sita hakinitaki. Nirushe vipi, kisahani kinaingia, kinagonga minyororo, halafu kinatemwa nje kama mbegu ya chungwa.

Basi tukafika uwanjani, mimi na kisahani changu kinachonukia dawa ya meno.

Makamu alikuwa amevaa suti yake ya mahafali. Refa alikuwa Subilaga, kiranja wa michezo, amekaa juu kabisa ya mlingoti wa bendera na kengele ya shule mapajani. Hakuna aliyeona ajabu. Hata bendera ilikuwa imejisogeza kumpisha.

"Kanuni ya kwanza," Subilaga akatangaza. "Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayetangulia kurusha."

Makamu akafikiri kidogo, akakiweka kisahani kwapani, akaondoka. Anapita bweni. Anapita jiko. Anatoka getini, anasimamisha basi, anapanda. Sisi tunasubiri. Wasichana wanasuka nywele, wanamaliza, wanafumua. Mwishowe simu ya Subilaga inalia.

"Niko Sumbawanga," sauti ya makamu inasema. "Kuna aliye mbali kuliko mimi?"

Subilaga akanitazama. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kikapuni. "Hakuna, mwalimu. Rusha."

Kisahani chake kikatokea juu ya mlima Rungwe, kimechoka, kimejaa vumbi, kikatua kapuni moja kwa moja. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa samaki wa Rukwa, kwa sababu mtu hawezi kutoka safari ya mbali vile akarudi mikono mitupu. Subilaga alipokea samaki, akashukuru, akatangaza mtupo mmoja. Mimi nikasogea nikadondosha changu kapuni. Mtupo mmoja. Sare.

"Ningejua nisingelipa nauli," akasema makamu, ambaye alikuwa amesharudi.

Kikapu cha pili ndicho kilichonifedhehesha. Upepo ulikichukua kisahani changu ukakiingiza dirishani mwa jiko, kikazama kwenye sufuria kubwa la maharage.

"Kanuni ya pili," ikaja sauti kutoka mlingotini. "Unachezea pale pale kilipoangukia."

Naingia sufuriani. Maharage yananifika magotini, vuguvugu, na kwa kweli si mabaya kukaa ndani yake. Mama Tusa, mpishi wetu, ananikoroga kwa mwiko mrefu bila kuniangalia usoni.

"Hebu niambie, mwalimu, chumvi imekolea?"

"Bado kidogo, mama."

Akaongeza chumvi. "Haya, rusha utoke. Zamu yako ya kuliwa ni Jumatano."

Nikarusha, nikatoka, nikidondosha maharage kila nilipokanyaga. Nilidhani nimeshapoteza mechi, lakini kisahani cha makamu nacho kilikuwa kimeangukia juu ya meza yake mwenyewe, ofisini kwake. Alisukuma mlango kwa goti kama kawaida yake. Mlango haukufunguka.

"Makamu yupo?" ukauliza mlango.

"Makamu ni mimi."

"Wote huwa wanasema hivyo. Kaa kwenye benchi, utaitwa."

Akakaa kwenye lile benchi ambalo wasichana hukaa wakisubiri adhabu. Miguu yake haikufika chini. Nilipita dirishani nikamwona amekunja mikono mapajani, anaangalia ukutani kama wanavyoangalia wao, na nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, sijui kwa nini. Alipoitwa na kuruhusiwa kurusha, tulikuwa bado sare.

Kikapu cha tatu kina mparachichi ambao ni lazima kisahani kiupite kushoto. Ukiupita kulia unaongezewa mtupo. Nikaenda kuuuliza vizuri, nisije nikakosea.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu," ukasema mparachichi. "Ila mimi hupenda kugeuka."

Ukageuka. Ukageuka tena. Maparachichi yaliyoiva yakawa yanarukaruka kwa kizunguzungu, moja likaniomba nishike mkono wake, na mimi nikaushika. Tuliongezewa mitupo mingi sana pale, mimi na makamu, kila mmoja sawasawa na mwenzake, na mti ukatuaga vizuri kabisa.

Nageuka kutafuta kikapu cha nne. Shule haipo. Tumo ndani ya ramani yangu ya ukutani, ile ninayofundishia, na chini ya miguu ni karatasi. Mistari ya miinuko imeinuka kwelikweli, inabidi kuivuka mmoja mmoja kama uzio. Makamu ananing'inia kwenye herufi ya mwisho ya neno Nyasa, anachungulia ziwa.

"Mwalimu Atupele," akaniita, "hili ziwa mmelipaka rangi lini? Halijakauka."

"Usilikanyage basi."

Akalikanyaga. Tulimaliza cha nne na cha tano humo humo, yeye akiwa na viatu vya bluu, na tulipotoka upande wa pili wa karatasi tukajikuta nyuma ya maabara, mbele ya kikapu cha sita, shule nzima imejipanga pembeni. Bado sare. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kisahani kikaniambia nipunguze, hakisikii.

Nikawatazama wasichana. Kila mmoja alikuwa ameshika kiazi kimoja mkononi, kimya, kama watu walioambiwa wajiandae kwa lolote. Nilisikia uchungu wa ajabu. Nikavuta pumzi, nikarusha vizuri kuliko nilivyowahi kurusha maishani, kisahani kikaingia katikati ya minyororo, na minyororo ikakitema.

"Lakini kwa nini?" nikapiga kelele. "Nimekukosea nini mimi?"

Kikapu kikajinyoosha juu ya mguu wake wa saruji. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutu, ya mtu mzima aliyevumilia sana.

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Mwanamke mzima, mwalimu, unaingiaje ndani ya nyumba ya watu bila hodi?"

Kiazi kimoja kikaanguka.

"Wenzangu watano ni minyororo ya dukani," kikapu kikaendelea. "Wao hawana tatizo, anayeingia aingie. Mimi nilikuwa mnyororo wa geti la shule hii. Nimewafungulia wakuu wa shule ambao picha zao mmeshaziondoa ukutani. Nimewazuia wachuuzi, wachumba, mbuzi. Hakuna aliyepita kwangu bila kubisha. Leo mnanitundika huku nyuma ya maabara, halafu mnanirushia visahani kifuani bila hata salamu, na mnataka niseme karibu!"

Nilikumbuka. Ni kweli: geti jipya lilipokuja, fundi karakana aliuchukua mnyororo wa lile la zamani, na mimi ndiye niliyemwambia auunganishe hapo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Endelea."

Nikaokota kisahani, nikarudi mahali pangu. "Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Minyororo ikacheza kidogo. "Nani?"

"Mimi, Atupele, na kisahani changu. Tumekuja kwa amani."

"Karibuni, karibuni ndani."

Nikarusha. Sikurusha kwa nguvu, nilirusha kama mtu anayemtanguliza mtoto mlangoni. Kisahani kikaingia na hakikutoka. Wasichana wakalipuka kwa vigelegele, viazi vikaruka juu na kutawanyika. Nilitaka kulia.

"Bado!" akapaza sauti Subilaga. "Mtupo hauhesabiwi mpaka kisahani kitulie kapuni."

"Kimeingia, si umeona?"

"Hakijatulia, mwalimu. Kinakunywa chai."

Nikasogea kuangalia. Kweli, kilikuwa kimeketi ndani, kimewekewa chai ya tangawizi na andazi lenye sukari juu, na minyororo inakibembeleza, kula mgeni, ongeza, umekula kidogo sana. Nikanyoosha mkono nikitoe. Kikapu kikanipiga kofi dogo.

"Mgeni wangu haondoki hajamaliza."

Tukasubiri. Hapo ndipo nilipomwona makamu amesimama kando yangu, kisahani kifuani, viatu vya bluu. Zamu yake ilikuwa imefika. Wote tulikuwa tumeona namna ya kuingia, lakini yeye alikuwa anavitazama vidole vyake.

"Mwalimu Atupele," akasema kwa sauti ya chini, wasichana wasimsikie. "Huwa wanaanzaje?"

"Wanaanzaje nini?"

"Hiyo hodi. Mimi sijawahi."

Nataka niwe mkweli hapa, hata kama ni ndoto. Nilifikiria viazi. Nilifikiria kwamba nikikaa kimya kisahani chake kitatemwa, na kila kitu ninachokipenda katika shule hii kitabaki mahali pake. Kukaa kimya si kazi kubwa. Lakini nilimkumbuka kwenye lile benchi, miguu haigusi chini.

"Unasema hodi," nikamwambia. "Halafu unasubiri."

"Nasubiri nini?"

"Uambiwe karibu."

"Na nisipoambiwa?"

"Unarudia. Ukifika mara tatu kimya, unaondoka."

Naona katika maisha yake yote halikuwahi kumpitia wazo kwamba mtu anaweza kufika mlangoni akaondoka. Akalirudia lile neno peke yake midomoni, bila sauti, kama mwanafunzi anayekariri shairi asilolielewa. Kisha akasogea mbele, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na Subilaga akapiga kengele.

Ilikuwa kengele ya kuamka. Nilikuwa kitandani kwangu, kumekucha, ukungu umejaa dirishani.

Kisahani changu kilikuwa kwenye msumari wake ukutani, kikavu, hakisemi neno. Nikakiteremsha huku nikijicheka. Ndani ya ukingo, pale ambapo kidole hushika, palikuwa na chembe za sukari. Nikazilamba. Zilikuwa na ladha ya andazi, na mimi sijakanda unga wiki nzima.

Bado nimekishika nikasikia sauti nje, nzito, inayojikaza, kutoka upande wa maabara.

"Hodi."

Nikasogeza pazia la dirisha linalotazama nyuma ya maabara. Katikati ya ukungu alikuwa amesimama Mwalimu Mwakalukwa, peke yake, amevaa malapa na koti juu ya nguo za kulalia. Alikuwa anakitazama kikapu cha sita. Alisubiri sana.

"Hodi hapa," akasema tena, safari hii kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Hapakuwa na upepo. Minyororo ikacheza kidogo.

Akarusha. Kisahani kikaingia, kikakaa. Yule bwana mkubwa akaruka juu, lapa moja likamtoka, akacheka kicheko cha kitoto ambacho kama wasichana wangekisikia wasingemwogopa tena maisha. Nikajua mechi ya asubuhi hii naweza kufungwa, tena vibaya, na nikajua pia kwamba hakuna kiazi kitakachopandwa pale. Mtu aliyekwisha kukaribishwa mahali hawezi kwenda kupang'oa.

Akalifuata lapa lake, akalivaa, akakiendea kikapu na kunyoosha mkono achukue kisahani. Halafu akasita. Akaurudisha mkono mfukoni, akaangalia huku na huku kama kuna anayemwona, akavuta tofali lililokuwa pembeni, akalikalia, akikingoja kisahani chake kimalize chai.