Kiapo cha Jezi ya Kahawia

Orrin Dieckmann alikula kiapo redioni, mji mzima wa Brannock ukisikiliza, na hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Alipiga simu kwenye kile kipindi cha Jumatatu asubuhi ambacho wastaafu wa Ohio hukitumia kumalizia hasira zao za Jumamosi, akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani: "Maadamu vijana wa Brannock wanavaa jezi nyeusi, mguu wangu haukanyagi ndani ya uwanja ule. Mnanisikia? Haukanyagi!" Mtangazaji akapiga kengele. Wasikilizaji wakapiga simu kumpongeza mpaka laini zikakwama.

Jezi yenyewe sasa. Brannock ni chuo kidogo, wanafunzi wake hawafikii ng'ombe wa wilaya kwa wingi, na timu yake ya mpira, ule mpira wao wa kubebwa mikononi na watu kuangushana, inaitwa Nyati. Tangu zamani Nyati walivaa kahawia. Tusidanganyane, haikuwa kahawia ya kupendeza; ilikuwa kahawia ya maharage yaliyolala chunguni. Mgongoni hakuna jina, na helmeti ilikuwa tupu kama sufuria. Ndani ya kahawia hiyo walifungwa mwaka nenda mwaka rudi, na watu wakarudi nyumbani wameridhika kwamba angalau wamefungwa kwa heshima.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya wa michezo, Preston Vale, kijana wa Florida mwenye meno meupe kupita kiasi na viatu visivyojua soksi hata theluji ikianguka. Akaleta jezi nyeusi yenye namba zinazometameta kama mafuta yaliyomwagika barabarani, na helmeti yenye nyati wa macho mekundu anayetoa moshi puani. Alipoulizwa kwa nini, alisema vijana wa sekondari wanachagua chuo kwa kuangalia jezi.

"Na masomo je?" Orrin alimuuliza kwenye mkutano wa wahitimu.

"Masomo yapo kila mahali, Bwana Dieckmann," Vale alijibu akitabasamu. "Sisi tunajenga chapa."

Chapa! Orrin aliuza matrekta maisha yake yote, chapa anaijua vizuri, lakini neno lile lilimpanda kichwani kama pombe. Wiki hiyohiyo akaunda Kamati ya Kulinda Kahawia, yeye mwenyekiti, rafiki yake Verlin Stuckey katibu, na wazee wengine waliocheza naye Nyati ujanani wakawa wajumbe. Akawafundisha wanafunzi kuzomea kila Nyati walipotoka na weusi wao: "Vueni! Vueni!" Watoto wa siku hizi hawahitaji kufundishwa kuzomea mara mbili.

Mkewe Lavonne alimsikiliza akijifunza hotuba mbele ya kioo cha bafuni, akashindwa kuvumilia.

"Orrin, nyie mlipowekewa ile michirizi ya njano mikononi, baba yangu alirudisha tiketi zake. Alisema mnafanana na nyigu."

"Michirizi ile ilikuwa na maana."

"Maana gani?"

Orrin alifikiri. "Ilikuwa ni utamaduni," akasema, akaanza kusukutua.

Sasa sikia jinsi hawa wazee walivyogoma. Mtu akigoma si anakaa kwake? Wao kila Jumamosi walifika alfajiri kwenye maegesho ya magari, nje kabisa ya lango la uwanja, wakawasha majiko, wakachoma soseji, wakafungua bia, wakasimamisha runinga kubwa nyuma ya pikapu ya Verlin, na wakagomea mchezo kwa kuutazama wote mwanzo hadi mwisho. Tatizo lilikuwa moja tu. Picha ya runinga ilichelewa. Uwanja ulikuwa palepale nyuma ya ukuta, kwa hiyo kelele za watu ziliwafikia kwanza, kisha ndipo tukio likatokea kwenye kioo. Waliishi msimu mzima wakijua jambo limetokea bila kujua ni jambo gani.

Hivyo ndivyo Orrin alivyolipata bao la mjukuu wake. Colby alikuwa mwaka wa mwisho, mchezaji wa akiba aliyekalia benchi tangu aingie chuoni, na mwezi Oktoba, mwenzake alipoumia, akaingizwa. Uwanja ukalipuka. Wazee wakatulia na soseji zao mikononi, wakingoja. Kisha kwenye kioo akaonekana kijana mwembamba mwenye namba themanini na tatu akiudaka mpira kwa ncha za vidole na kuanguka nao ndani ya mstari. "Huyo si Colby wako?" Verlin aliuliza. Ndiye. Wakati huo mpira ulikwishapigwa upya na watu wa ndani walishakaa. Orrin alishangilia peke yake kwenye maegesho, kisha akaona haya, akageuza soseji.

Colby alilelewa na Orrin na Lavonne. Mama yake, binti yao wa pekee, alifariki mtoto akiwa bado wa chekechea, na baba hakuwahi kuonekana. Kwa hiyo Jumapili moja ya Novemba, akiwa anakula viazi kwa mkono mmoja kwa sababu vidole viwili vya mkono mwingine vilikuwa vimefungwa bandeji, kijana alisema bila kuinua macho, "Jumamosi ni siku ya kuaga."

Orrin alijua. Kila chuo kinayo: mchezo wa mwisho nyumbani, wale wa mwaka wa mwisho wanaitwa majina mmojammoja, kila mmoja anatembea na wazazi wake mpaka katikati ya uwanja, na wazazi wanavaa jezi ya namba ya mtoto wao. Hakuna kurudia. Asiyetembea siku hiyo, basi tena.

"Bibi atakuwepo," Colby alisema. "Wewe najua una kiapo, Babu. Sikulazimishi."

Hilo la kutolazimishwa ndilo lililomchoma. Angelazimishwa angepata la kubishia.

Jumanne akaitisha kamati. Walijadili jambo lile kama wanagawana nchi. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama njia ya kutokea wachezaji inahesabika kuwa ndani ya uwanja. Mwingine akasema kiapo kilitaja mguu, hivyo kiti cha magurudumu kinaweza kujadilika. Mwishowe wakapiga kura na kumruhusu mwenyekiti amsindikize mjukuu wake mpaka kwenye mstari mweupe, asikanyage nyasi, awe amevaa koti la kahawia.

"Na ile nyeusi?" Orrin aliuliza polepole. "Wazazi huwa wanavaa jezi ya mtoto."

Verlin alimtazama kama aliyetukaniwa mama. "We Orrin! Uvae nyeusi? Wewe? Tutaiweka wapi sura yetu?"

"Nauliza tu, bwana. Nauliza."

Siku mbili hakula vizuri. Ijumaa aliendesha gari mpaka mji wa jirani, mahali asipojulikana, akanunua jezi nyeusi yenye namba themanini na tatu, akaificha chini ya kiti kama chupa ya mlevi. Jioni akampigia Verlin simu akiushika mkono wa Lavonne kwa woga.

"Tumbo limenivuruga. Kesho sitoki kitandani."

"Pole, mzee. Tutakuwekea soseji."

Lavonne alikata simu kwa niaba yake. "Unamdanganya Verlin badala ya kumwambia ukweli?"

"Ukweli nitamwambia Jumatatu."

"Ukweli utauona Jumamosi," mama yule alijibu, akaenda kulala.

Asubuhi Lavonne aliingia kwa lango la familia na watu wengine. Orrin hakuthubutu, maana lango lile linatazamana na pikapu ya Verlin. Alizunguka nyuma, jezi nyeusi chini ya koti, kola masikioni, akaingia kwa mlango wa magari ya kuleta vinywaji, akampa mlinzi shikamoo ya kinyenyekevu mno kwa mtu asiye mwizi, na mara akapotea. Chini ya majukwaa yale kuna njia nyingi, zote za saruji, zote zimepakwa rangi moja. Alifungua stoo ya mifagio. Alifungua choo cha waamuzi, akaomba radhi. Juu ya kichwa chake alisikia miguu ya maelfu na kipaza sauti kikianza kuita majina kwa alfabeti. Abernathy. Bauer. Jamani, D haiko mbali! Mzee akaanza kukimbia, magoti yakimlaumu. Jasho lilimtoka, akavua koti akiwa anakimbia, akalitupa alipolitupa. Potelea mbali. Kama ni kuonekana, aonekane.

Alitokea kwenye mwanga na baridi wakati kipaza sauti kikitamka "Colby Dieckmann!" na mbele yake aliona migongo miwili, wa mjukuu wake na wa mkewe.

Yote miwili ilikuwa ya kahawia.

Orrin alitazama uwanjani. Timu nzima ilikuwa kahawia, ileile ya maharage yaliyolala, helmeti tupu. Wazazi walikuwa kahawia. Majukwaa yalikuwa kahawia kutoka chini hadi juu. Kwenye ubao mkubwa wa picha yalikuwa yakipita maneno TOLEO LA KUMBUKUMBU, chini yake bei, dola mia moja na themanini. Vale alikuwa amegundua kwamba hasira nayo inauzika. Aliitunza siri hiyo mpaka asubuhi ileile, akawavika wachezaji chumbani mwao, akawauzia mashabiki majukwaani, akawagawia wazazi jezi pale kwenye lango la familia, lango ambalo mzee wetu alilikwepa. Mshindi wa vita alikuwa Orrin Dieckmann, na ndani ya uwanja wote ni yeye pekee aliyevaa nguo za adui.

Kamera ikampata. Sura yake ikajaa kwenye ubao, kubwa kama nyumba, na themanini na tatu inayometameta. Uwanja ukafanya kile alichoufundisha. "Vua! Vua! Vua!"

Nje, kwenye maegesho, wazee wa kamati waliisikia zomeazomea ile na wakaanza kucheka. Waligongeana chupa. Hawakujua bado wanamcheka nani, picha ilikuwa njiani.

Lavonne aliziba mdomo kwa mkono. Orrin alishika upindo wa jezi, tayari kuivuta juu na kubaki na fulana yake ya ndani kwenye baridi ya Novemba kama ni lazima.

"Naivua, mwanangu. Nisamehe. Naivua sasa hivi, nisikuharibie siku yako."

Colby alimshika kiwiko kwa ule mkono wa bandeji. Hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Ukiivua natembea peke yangu."

"Wanakuzomea kwa sababu yangu!"

"Hii niliyovaa mimi nimepewa asubuhi, Babu. Bado ina karatasi ya bei shingoni, inaniwasha. Sijawahi kucheza nayo hata dakika moja." Akaigusa ile nyeusi kifuani mwa mzee. "Hiyo ndiyo niliyovunjikia vidole. Hiyo ndiyo niliyofungia bao. Nilipoinuka na mpira nikaangalia kwenye viti vya familia, nikamwona Bibi na kiti kitupu. Wewe ulikuwa nje unakula soseji."

Orrin alikumbuka ile siku, kelele zikija kwanza, na yeye amesimama kwenye lami akingoja kuambiwa ni nani. Aibu ilimshuka mwilini kama maji baridi. Msimu mzima alikuwa akipigania nguo, na mtoto aliyekuwa ndani ya nguo hakumwangalia.

"Nimekosa," alisema. "Nimekukosea sana, Colby."

"Najua. Haya tembea, tunangojwa."

Wakatembea. Lavonne upande mmoja, mzee upande wa pili, kijana katikati, wakauvuka mstari mweupe na kukanyaga nyasi huku uwanja ukizomea. Mwanafunzi mmoja alirusha bisi. Orrin alikuwa analia waziwazi na hakujifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na hakutaka kuuchomoa, na wa pili alikuwa ameulaza juu ya namba kifuani. Simu ilimtetemeka mfukoni bila kukoma. Picha ilikuwa imefika maegeshoni.

Katikati ya uwanja Preston Vale aliwangoja na mpiga picha, meno yote nje. Alimbusu Lavonne shavuni, akampa maua, akampigapiga Colby begani, kisha akamsogelea Orrin na kumnong'oneza bila kuacha kutabasamu.

"Bwana Dieckmann, heshima kubwa. Ila hii ni picha ya toleo la kumbukumbu. Wadhamini wako juu pale wanatazama. Tafadhali, hiyo nyeusi, kama ungeweza kuivua kwa dakika moja tu."

Orrin alimwangalia tangu viatu visivyo na soksi mpaka nywele.

"Ni ya mjukuu wangu hii," alisema kwa sauti ambayo kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwa Vale kiliinasa na kuirusha juu ya majukwaa yote. "Nitaivua nikifika nyumbani."

Akamvuta Colby karibu, akamwekea mkono begani. Mpiga picha alimtazama Vale, Vale akatazama juu kwa wadhamini, na baridi ikazidi. Picha ikapigwa hivyohivyo.