Kitabu Kwenye Mnada wa Kisian

Pikipiki ya Enos ilikuwa imeshapita Otonglo, mimi nyuma na begi langu, na katikati yetu jogoo. Jogoo alikuwa wa Nabututu, mama aliyenipangisha chumba kule Obunga, anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki na nyama kidogo. Alikuwa amemtuma Enos amfikishe kanisani kwao Kisian, maana ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mimi nilikuwa naenda zangu Busia. Kisumu kulikuwa kumenichosha, na si joto wala mbu. Mji mzima ule, sikupata mtu mmoja wa kusoma kitabu changu.

Si kwamba nilikiandika. Shule yenyewe nilisoma vipande vipande, darasa hili hapa, lile kule, baba akihamahama na kazi ya kukata miwa. Ni riwaya niliyoiokota kwenye rundo la mitumba. Ndani yake kuna mama mwenye kivuko, anavusha watu mto kwa mtumbwi wake. Siku moja kaka yake, wa tumbo moja, anakuja mbio, anafukuzwa, na yule mama anakataa kumvusha. Kitabu hakisemi kwa nini. Kinamwonyesha tu akifunga kamba ya mtumbwi. Mimi nina sababu yangu, na nimezunguka nayo miji mingi, lakini ubishi wa mtu mmoja ni kama kucheza ajua, bao la Waluo, peke yako. Unasogeza kete, unahamia upande wa pili, unajisogezea tena. Nilitaka mtu akisome, anitazame usoni aseme, "Mzee, hapo umekosea."

Nilijaribu. Kwenye foleni ya duka la dawa nilimwonyesha mama mmoja. Hata sikumaliza. "Asante Baba, mimi nimeokoka tayari." Nyamasaria nilimfuata bwana mmoja aliyevaa miwani, nikasema huyu ni msomaji. Akakigeuza, akauliza, "Hii ni ya sukari ama presha?" Alidhani nauza dawa za mitishamba.

"Enos," nilimpigia kelele kwenye upepo, "wewe husomi?"

"Nasoma barabara, Mzee! Nikisoma kingine sahi tutasomewa sisi kaburini!"

Kanisani akasema ni dakika moja tu. Ni dakika ya watu wa pikipiki, mnaijua. Ibada ilikuwa imeisha na mnada umeanza. Wasiokuwa na pesa walikuwa wameleta maboga, mayai, ndizi, na sasa vinauzwa kwa waumini, pesa ziingie kwenye mabati ya kanisa. Mwenye kuuza alikuwa mzee wa kanisa, Okello, mtu wa sauti hata bila kipaza sauti. Alishika boga kama mtoto mchanga. Mama mmoja akalinunua, akalikumbatia, akaenda nalo.

Nikawaza: kitu cha bure watu hawakiangalii. Ila mtu akishatoa pesa yake, atakifungua hata kwa uchungu. Nikatoa kitabu begini, nikakiweka mezani kati ya jogoo na mayai.

"Kitabu!" Okello akakiinua. "Kitabu safi! Hii hailiwi, haiozi, haihitaji mahindi! Nani ananunua?"

"Kuna mama anakataa kumvusha kaka yake!" nikasema kwa nguvu.

"Mzee, pasta amemaliza kuhubiri. Kaa chini."

Watu wakacheka. Bwana mmoja mnene, Shitanda, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, akakinunua. Moyo ukanipanda. Akakiinua juu, akasema, "Nimewanunulia akina mama!" Akina mama wakapiga vigelegele, wakaja wakicheza, wakakipokea, wakazunguka nacho, halafu kiongozi wao akasema, "Na sisi tunakirudisha madhabahuni!"

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Boga ni boga, mtu ana njaa nyumbani. Lakini kitu kinachoonekana cha heshima, hakuna anayekibeba. Unakinunua, unakitoa, unapigiwa makofi. Vijana wakakinunua, wakampa pasta. Pasta akashukuru, akakirudisha. Wazee wakakinunua, wakawapa kwaya. Jogoo aliuzwa mara moja tu, akaingia kwenye buti ya gari akiwa analia.

Kwenye kwaya kilimwangukia msichana anaitwa Bridget. Wenzake walikuwa wanaimba. Yeye alikifungua katikati, akasoma amesimama. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma kwenye ule wa kwanza, kama mtu aliyepitwa na kitu. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua.

"Baba," akaniambia, maana nilikuwa karibu, "huyu mama ni mkatili ama anaogopa?"

Miaka yote ile. Nikafungua mdomo.

"Dada Bridget!" Okello akakinyakua mkononi mwa msichana. "Cha mnada hakitumiki! Kikikunjika nani atanunua?" Akageukia watu. "Wapendwa, tuna mgeni hapa. Mzee yuko safarini, na naona anapenda vitabu sana. Tusimwache aende mikono mitupu. Tukinunue wote, tumpe yeye!"

"Aaamina!"

"Hapana," nikasema. "Mpatieni huyu msichana."

"Mzee, zawadi hairudishwi."

Kimerudishwa mnada mzima, sasa hakirudishwi! Wakachanga, wakanizunguka, wakaimba, Okello akaniwekea kitabu changu mikononi na kuniombea safari, ombi refu. Macho yalipofunguliwa nilimfuata Bridget mpaka mlangoni, nikamsukumia kitabu kando ya kitenge chake. Akarudi nyuma kama nimempa kaa la moto.

"Baba, la. Watasema nimemnyang'anya mgeni zawadi ya kanisa. Mama yangu yuko pale."

"Basi niambie. Ni mkatili ama anaogopa?"

"Si sijasoma?" akasema, akaenda kukunja viti.

Nilipanda pikipiki. Tulipofika barabara ya Busia Enos akageuza shingo.

"Mzee, lakini huyo mama alikataa kwa nini?"

"Soma."

"Niambie tu."

"Soma, Enos!"

"Sitaki kusoma. Nataka kujua."

Akaongeza mwendo mpaka stendi.

Kanisa la Kisian lilipata mabati, lakini ya upande mmoja. Jogoo aliliwa siku hiyo hiyo. Nabututu bado anakaanga mgongo wazi Obunga, na chumba changu amempa fundi wa simu. Bridget alienda Nakuru kusomea upishi. Nilimtumia ujumbe kupitia Nabututu kwamba nitamletea kitabu, hakujibu. Okello alichaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa. Enos hunipigia simu mara moja moja, akisubiri abiria. Anasema yule mama alikataa kwa sababu kaka alimnyima shamba. Nikimwambia hakuna shamba lolote kwenye kitabu, anasema lazima liko, sikuliona. Ananibishia kitabu ambacho hajawahi kukifungua, na mimi namkatia simu. Kitabu ninacho hapa Busia, begini. Wiki hii nahama tena.