Mita Kumi kwa Wote

Ijumaa alasiri, katibu wa ligi ya softiboli ya wasichana alikuwa amebakiza mistari miwili tu. Kanuni za ligi zilikuwa kumi na sita, na zilitakiwa ziingie kwenye karatasi moja, upande mmoja. Alikwisha kupunguza herufi hadi zikawa saizi ya chawa, akabana pambizo mpaka maneno yakawa yanapumulia ukingoni, na bado mistari miwili ya mwisho ilirukia ukurasa wa pili, ikakaa huko peke yake kama wageni waliokosa viti.

Karatasi moja lilikuwa agizo la mwenyekiti. Mwenyekiti aliuza mabati na saruji, na mwaka ule aliizawadia ligi ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli, uliotengenezwa kwa kipimo cha karatasi moja. Ulipendeza. Kila aliyeusogelea alijiona uso wake kabla hajasoma kitu.

"Futa umbali mmoja," mwenyekiti alimwambia kwenye simu. "Wadogo wanarusha mita kumi, wakubwa mita kumi na tatu. Ya nini yote hayo? Andika kumi kwa wote. Kurusha ni kurusha."

"Wakubwa wanapiga kwa nguvu, mwenyekiti."

"Basi na wadake kwa nguvu."

Katibu alicheka, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na chai yake ilikuwa inapoa. Akafuta. Mistari miwili ikapanda ikajiunga na wenzake, karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa moja, yenye joto kidogo.

Katika mchezo huo mrushaji husimama kwenye kibao kilicholazwa ardhini, ndani ya duara la chokaa. Huzungusha mkono mzimamzima na kuuachia mpira chini, karibu na nyonga, uende kwa mpigaji mwenye gongo. Ukipigwa sawasawa, unarudi kwa kasi kubwa kuliko ulivyokwenda. Mita tatu zinamtosha mrushaji kuinua glavu. Bila hizo anapata muda wa kufumba macho tu.

Mrushaji bora wa wakubwa alikuwa binti wa dada yake katibu, mwenye miaka kumi na mitatu. Walimwita Feni, kwa ule mkono. Jumamosi ya tatu ya msimu alirusha, mpigaji akaupata mpira katikati ya gongo, na Feni akaanguka. Mpira haukuanguka. Ulibaki hewani pale ulipokutana na uso wake, hatua moja mbele ya kibao, umetulia kama uliowekwa kwenye rafu. Feni alifariki Jumatatu asubuhi hospitalini, wakati mama yake ametoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Jumanne mpiga chokaa wa uwanja alikwenda kuutoa ule mpira. Aliuvuta kwa mikono miwili. Aliushika akaning'inia, miguu ikiwa imekunjwa, akakaa hivyo kitambo kama nguo kwenye kamba. Aliupiga nyundo, nyundo ikakatika mpini. Mwisho alishusha pumzi, akachukua ndoo yake na kupaka chokaa kidogo chini yake, ili mtu asije akajigonga.

"Umegoma," alimwarifu katibu. "Nimekwisha kumnyanyua hata ng'ombe aliyetumbukia mtaroni, lakini huu mpira una msimamo kuliko kamati nzima."

Kamati ilikaa Alhamisi. Katibu alifika na pendekezo lake limeandikwa: umbali wa wakubwa urudishwe mita kumi na tatu, na mrushaji avae kinga ya uso. Nafasi alikwisha kuipata. Angeondoa maneno ya kuwakaribisha wazazi, mistari minne mizima, ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuyasoma.

Lakini mwamuzi aliomba kuanza na jambo la dharura. Yeye kazi yake ya siku zote ilikuwa kutengeneza miwani, jambo ambalo wachezaji hawakumwacha alisahau hata Jumamosi moja. Alieleza kuwa kuna mpira ndani ya duara, na kwamba mpira mwingine ukiugonga, yeye hajui aamue nini.

"Je, nao uko mchezoni?" aliuliza. "Kanuni ziko kimya."

Wajumbe waliona hoja ni ya msingi. Walijadili kwa saa moja na nusu, kwa nidhamu, na chupa ya chai ikazunguka mara mbili. Ikapatikana kanuni ya kumi na saba: *Mpira ulioko juu ya duara la mrushaji, kimo cha sentimita 138, ni sehemu ya uwanja. Mpira wa mchezo ukiugusa, mchezo husimama na rusho hurudiwa. Ni marufuku kuushika na kuning'inia.* Mpiga chokaa, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alitazama viatu vyake.

Ilipochapwa, ilichukua mistari minne.

"Na umbali?" katibu aliuliza.

"Pole sana kwa msiba, katibu," mwenyekiti alisema, na alimaanisha. "Umbali tutautazama nafasi ikipatikana."

Dada yake katibu alikuwa fundi cherehani. Alipomaliza siku zake za kulia mbele za watu, alirudi kwenye cherehani, na kila Jumamosi mapema alikwenda uwanjani na kitambaa laini. Aliufuta ule mpira vumbi, taratibu, kama mtu anavyomfuta mtoto makombo. Kisha alivua futi ya ushonaji shingoni, akakanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akapima. Mwisho wa mwaka ule alimwita katibu, mdogo wake, aje aone.

"Mia na arobaini na moja," alisema. "Amekua."

Katibu akapima naye. Ilikuwa mia na arobaini na moja. Walisimama pale, kila mmoja ameshika upande wake wa futi.

"Hivi ule umbali nani aliufuta?" dada alimuuliza. Hakugeuza kichwa.

"Mimi, dada."

Fundi cherehani alikunja futi, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa duara dogo.

"Basi urudishe," alisema.

Hakulitaja tena suala hilo. Aliendelea kumpelekea mdogo wake sahani ya chakula kila Jumapili kama zamani. Katibu aliona afadhali angepigwa.

Katibu alijaribu. Kwenye mkutano wa mwaka alikuja na karatasi mbili, akazishika juu, moja kila mkono. Mwenyekiti alisema ligi nyingine zina vitabu vizima vya kanuni na watu wao wanagombana kila wiki; hii ina karatasi moja, na watu wanaielewa. Kura zikapigwa: saba kwa karatasi moja, mbili kwa mbili. Kanuni ya kumi na saba ilirekebishwa bila kupingwa, 138 ikawa 141. Nafasi ile ile, tarakimu tatu kwa tatu. Mwenyekiti alipongeza jinsi ilivyokaa vizuri.

Katibu alimfuata mpiga chokaa. Mpiga chokaa hakuuliza maswali. Ijumaa alikichimbua kibao cha kurushia, akakirudisha nyuma hatua tatu, akachora duara jipya, jeupe kama sahani. Jumamosi mwamuzi akapima, kama alivyopima kila Jumamosi, akakuta mita kumi na tatu. Alikirudisha mwenyewe, kwa magoti, suruali nyeupe ikachafuka. Alimwomba katibu radhi.

"Sikatai, dada. Kumi na tatu ni sahihi, hata mimi naona."

"Kumbe unaona?"

"Naona. Lakini nasimamia kilichoandikwa. Siku nikianza kusimamia ninachokiona, ligi hii haina mwamuzi."

Katibu aliwaza kujiuzulu. Aliacha alipofikiri ni nani angekaa kwenye kile kiti, na jinsi ambavyo huyo angechapa haraka zaidi.

Msimu wa tatu, mpira ukiwa umefika mia na arobaini na tatu, mdogo wake Feni alitimiza miaka kumi na mitatu na kupandishwa kwa wakubwa. Jina lake lilikuwa Nusu, kifupi cha Nusu Feni. Alikuwa amemwiga dada yake ule mkono tangu akiwa mdogo wa kugonga glasi mezani. Alirefuka mapema, na kila mtu alijua atasimama hapo hapo. Alikuwa amefuata upande wa mama yake na katibu, upande ambao hukua haraka kisha hugoma kurefuka.

"Usirushe," katibu alimwambia. "Cheza kituo cha pili. Cheza nyuma kabisa, huko ukaokote maua."

"Timu haina mrushaji mwingine, mama mdogo."

"Watamtafuta."

"Watamweka mtoto wa yule muuza viatu. Anafumba macho kabla hata hajarusha." Nusu alikuwa anafunga kamba za viatu, mafundo mawili. "Halafu nataka kusimama na dada."

Mama yake hakumkataza wala hakumruhusu. Wiki nzima alishona. Alikunja waya mnene, akauvalisha sponji na kitambaa cha koti, akaweka kamba mbili za kufunga kisogoni. Ilikuwa kinga ya uso nzuri, imepigwa mishono miwili kila mahali, na kwenye macho alikuwa amepima nafasi kwa vidole vyake mwenyewe. Nusu aliivaa akatoka nayo uwanjani. Wenzake walimwambia anafanana na kikapu cha kuku.

Mwamuzi alimwita pembeni. Kanuni ya tisa iliorodhesha vifaa vya mchezaji: kofia, glavu, viatu vya njumu, fulana yenye namba. Aliisoma mara mbili, akitafuta mwanya, na watu waliona kweli anatafuta.

"Kisichotajwa hakivaliwi," alisema mwisho. "Vua, mwanangu. Nitakushikia mimi."

Aliishika mchezo mzima, chini ya kwapa.

Nusu alisimama kwenye kibao. Ule mpira ulikuwa mbele yake hatua moja, sawa kabisa na pua. Alikuwa amejifunza kuuzungukia: alizungusha mkono, akaachia, na mguu ulipotua mbele alikuwa nyuma ya mpira kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Marusho manne yalipita salama. La tano mpigaji alilipata katikati ya gongo.

Sauti zilikuwa mbili, karibu kama moja. Mpira ulirudi kwa mstari ulionyooka, ukagonga ule ulioko hewani, ukadondoka kwenye vumbi mbele ya viatu vya Nusu. Ule wa juu haukutikisika. Nusu alikuwa bado ameshusha glavu kiunoni. Hakuwa amefikia hata kufumba macho.

Kwenye benchi la wazazi fundi cherehani alikuwa amesimama. Akakaa.

Mwamuzi aliinua mkono. "Kanuni ya kumi na saba," alitangaza. "Mchezo umesimama. Rusho lirudiwe."

Nusu aliinama, akaokota mpira, akaufuta kwenye fulana. Alirudi kwenye kibao, kwenye mita kumi, akarudia.

Msimu huo ule mpira wa juu uligongwa mara kumi na moja. Mpiga chokaa alihesabu, akiweka alama kwa kalamu kwenye ndoo yake. Watazamaji walizoea; kila ulipogongwa, watoto walipiga kelele "rudia" kabla ya mwamuzi. Warushaji wa timu nyingine nao walijifunza kusimama nyuma yake. Makocha wakaanza kuwachagua kwa kimo.

Kwenye mkutano wa mwaka katibu aliomba tena umbali. Alizungumza kwa dakika nane, bila kupaza sauti, na alisema wazi ni mkono wa nani uliofuta ule mstari. Ukumbi ulimsikiliza kwa heshima.

"Katibu, mimi nakuelewa," mwenyekiti alisema. "Lakini tutazame takwimu. Tangu tupitishe kanuni ya kumi na saba, ni mrushaji gani ameumia? Hakuna. Usalama wa warushaji umekwisha kushughulikiwa. Tena bila gharama."

Wakapiga makofi kidogo. Kura zikawa nane kwa mbili. Kisha wakafika kwenye kipengele cha kawaida cha kila mwaka, na mwenyekiti akamwomba katibu asome kimo kipya, kiingizwe kwenye karatasi.

Katibu alikuwa amepima asubuhi hiyo na dada yake. Walipima mara tatu. Feni angekuwa anakimbilia kumi na sita, na upande wa baba yake watu huchelewa, kisha hurefuka ghafla, nguo zote zikawa fupi kwa mwezi mmoja. Fundi cherehani alikuwa ametazama ile namba kwenye futi kwa muda mrefu. "Mrefu kama baba yake," alikuwa amesema, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mama yeyote mwenye binti mrefu. Kisha akamtazama Nusu, aliyekuwa anapasha misuli kando ya mstari, akaikunja futi.

"Mia na hamsini na nane," katibu alisoma.

Ikapitishwa.

Jumamosi ya kwanza ya msimu mpya Nusu alipanda kwenye kibao. Ule mpira ulikuwa juu ya kipaji cha uso wake sasa. Kati yake na mpigaji hakukuwa na kitu. Mwamuzi alipima mita kumi, akaridhika, akafuta vumbi kwenye magoti, na akipita karibu naye alimwambia kwa upole, kama anayempa habari njema:

"Safari hii mpira haukuzibii. Utarusha bila kuuzungukia."

"Ndiyo, mwamuzi," Nusu alijibu, akazungusha mkono.