Difu ya Mabkhut

Difu mbili, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, zilikuwa juu ya gunia katika gereji ya Gul Zaman, pale lami inapokwisha na mchanga unapoanza. Mabkhut alikuwa amezichuchumalia tangu asubuhi kama mtu anayechagua mke. Huko nyuma ya kilima kikubwa alikuwa amewaacha ngamia wake majike bila maji. Alikuwa akiwarudia na tangi la maji limejaa, lakini pikapu ikakwama chini ya kilima, tairi moja inazunguka bure, la pili limelala doro. Tangu hapo zimepita siku kadhaa za jua kali, na hakuonja usingizi.

"Bwana Mabkhut, chagua basi," alisema Gul Zaman. "Hii ya kubana ni pole, haina swichi, barabarani haikusumbui. Ila tairi moja likining'inia hewani, inakata tamaa. Hii ya kufuli, ukibonyeza, matairi ya nyuma yanazunguka pamoja, liwalo na liwe. Inapanda ukuta!"

"Na kwenye ubavu wa kilima?"

"Hapo itakuburuta mkia chini. Ukipinduka, usiniite."

"Sasa wewe unanisaidia au unanitisha?"

"Kwani hao ngamia hawawezi kujitafutia maji? Si kuna kisima cha chumvi kule?"

"Nimewafunga miguu. Nilijua nitarudi jioni ile ile."

Gul Zaman akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile ya kufuli. Bwana huyu aliwafunga kwa mikono yake, mafundo ya kukaza, kwa kuwa mwaka jana walimtoroka akawasaka mpaka akakonda. Loo, kujihami kwingine ni kujichimbia shimo.

Adhuhuri akaingia Atiki, shemeji yake Mabkhut, kanzu imejaa vumbi mpaka kwapani.

"Habari, Mabkhut?"

"Hakuna habari. Za kwenu?"

"Hakuna habari, kheri tupu."

Ndivyo tunavyojibu sisi watu wa mchangani, hata nyumba ikiwa inawaka moto. Habari yenyewe hungoja mtu aketi, atiliwe kahawa, atikise kikombe kwamba ametosheka. Mtu aliyesimama haambiwi la maana.

"Afadhali umekuja, shemeji! Kubana au kufuli?"

"Tuketi kwanza."

"Nitaketi nikishachagua. Sema!"

Atiki akazitazama zile difu. "Yoyote tu, Mabkhut."

"Yoyote! Amesema bingwa, aliyechimbua gari mchangani kwa sahani ya wali!" Mabkhut akacheka peke yake. "Haya, kufuli! Gul Zaman, funga kufuli. Huo ubavu nitaupita kwa rehema za Mungu."

Gul Zaman akaingia chini ya gari. Atiki hakuondoka. Alisimama kivulini, na kila akitazamwa anaangalia viatu vyake. Mabkhut naye domo halifungi: atapandia upande huu, atapunguza upepo wa matairi, yule mweupe mwenye mimba ndiye atakayenywa kwanza. Atiki anaitikia eeh, eeh. Mtoto mdogo wa kwetu angeshajua. Na Mabkhut alijua, wallahi alijua, ndiyo maana hakutaka kuketi.

Alasiri hatimaye akaketi juu ya tairi bovu. Atiki akachukua chupa ya kahawa ya Gul Zaman, akamtilia. Mabkhut akanywa, akanyoosha kikombe bila kukitikisa.

"Tena."

Akatiliwa.

"Tena."

Watu hunywa vitatu wakatosheka. Yeye akataka cha nne, na cha tano, na Atiki hakumnyima. Cha sita mkono ukaanza kumtetemeka, kikombe kikatikisika chenyewe, na wote wawili wakakiona.

"Haya," akasema Mabkhut. "Habari?"

"Nimetoka kwa ngamia wako alfajiri. Wamekufa wote, ndugu yangu. Walijikokota na kamba zao hivyo hivyo, hatua chache tu. Wamelala vichwa vimeelekea kisimani."

Gul Zaman akachomoza kutoka chini ya gari, uso umejaa oili, meno yote nje. "Tayari, bwana! Sasa unapanda popote!"

Mabkhut alitaka kumshukuru, maana kazi ilikuwa nzuri, lakini akaanza kulia kwa sauti mbele yao.