Sichanji Chesnati za Magunia

Nilisema sichanji, na sikuchanja. Anayetaka kuisikia habari hii kwa upole aende kwa baba mkubwa Gédéon. Atamsimulia huku ameshika kofia yake iliyotoboka, naye msikilizaji bila shaka atamwonea huruma. Mimi naisimulia ilivyokuwa.

Huku kwetu Valcroze, kwenye mabonde ya Cévennes, Novemba haipiti bila sikukuu ya chesnati. Baada ya ibada ya Jumapili wanaume huwasha moto uwanjani mbele ya kanisa, hushika kikaango kipana chenye matundu na mpini mrefu kuliko jembe, huchoma, hushangiliwa, hupigwa picha. Wanawake huchanja. Kuchanja hakupigwi picha. Hufanywa jioni ya Jumamosi jikoni kwa bibi yangu Élise, kila mmoja na kisu chake kidogo, kwa sababu chesnati ni njugu nene yenye ganda gumu, na ikiingia motoni bila mkato hupasuka kama risasi. Mkato mmoja tu, tumboni, upite ganda la nje na utando wa ndani bila kuzama kwenye nyama. Ukikosea huku, zinapasuka. Ukikosea kule, zinakauka kama mbao.

Jumamosi ile baba mkubwa aliingia na magunia matatu, akayatupa sakafuni kwa mbwembwe. Nikafungua moja. Zilikuwa kubwa, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Hizi umeziokota wapi, baba mkubwa?"

"Sijaokota, nimenunua. Tazama ukubwa wake! Kama mayai ya bata."

Nikainusa moja. "Hazina hata harufu."

"Kwani wewe unakula harufu?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilidhani ni za kuongezea.

"Na zetu? Zimejaa ghalani. Nimeziloweka, zilizoelea nimezitupa. Zilizobaki hazina funza hata mmoja."

"Zile goroli zako? Mpe jirani Samuel alishe nguruwe wake. Wageni wa mjini wanataka kitu cha kujaza mkono." Akavua kofia, akajipepea. "Na tukiwa hapo hapo, nikwambie kabisa. Jumatatu Samuel anapanda kule juu shambani na msumeno. Michesnati ile itatoa nguzo nzuri za uzio. Mti ambao hata sikukuu ya kijiji chake haiuhitaji, unasimama pale kwa kazi gani?"

Bibi alikuwa anamenya vitunguu. Kisu chake kikasimama.

Lazima mjue jambo moja. Shamba lile ni la baba mkubwa kwa urithi, lakini magoti yake yamelisahau siku nyingi. Niliporudi kutoka Nîmes na stashahada yangu, kijiji kizima kiliuliza nimesomea nini ikiwa narudi kuokota njugu. Nilikuta miiba imefika kifuani. Nikaifyeka. Nikainua kuta za mawe zilizoporomoka, nikapandikiza vikonyo vipya kwenye mashina ya zamani, mvua ikininyeshea mgongoni. Miti ile haikunizaa, lakini isingekuwapo, leo ningekuwa nauza viatu mjini.

"Kwa hiyo," nikasema, "nikikuchanjia hizi, nakusaidia kuikata miti yangu."

"Miti yangu," akanisahihisha.

"Basi chanja mwenyewe chesnati zako."

Nikakifunga kisu changu, nikakitia mfukoni.

"Judith, usinipande kichwani!"

"Sijakupanda, baba mkubwa. Nimekaa kwenye kiti."

Mtu mmoja akapaliwa na divai. Baba mkubwa akageukia meza. "Haya, nyie wengine, tuanze. Huyu mwacheni na ujana wake."

Hakuna aliyeanza. Mama mkubwa Lydie, mkewe wa ndoa, akakipangusa kisu chake kwenye aproni taratibu kabisa, halafu akakikunja.

"Lydie! Na wewe?"

"Vidole vinaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoingia na hayo magunia."

Visu vikafungwa kimoja kimoja kuizunguka meza. Baba mkubwa akawa mwekundu hadi masikioni. "Kuchanja nako ni kazi? Watoto wanachanja! Tutachanja wenyewe kesho." Akaburuta magunia yake akatoka.

Na kweli, kesho yake baada ya ibada wakachanja wenyewe. Wanaume wazima wamejipanga kwenye ngazi za kanisa na visu vyao vya mfukoni, wanabishana nani amejikata zaidi. Dirisha la jikoni kwa bibi linatazama uwanja, nikawa nawaona. Walikuwa wanakwaruza. Chesnati za dukani zina ganda nene, na visu vyao havikufika hata kwenye utando. Nikafungua dirisha.

"Baba mkubwa! Mikato haijapita! Zitawapasukia!"

"Funga dirisha, bibie! Utaingiza baridi, bibi yako akohoe!"

Nilimwonya. Mashahidi wapo.

Sikufunga dirisha. Nikarudi kwenye moto wangu. Tangu alfajiri bibi alikuwa amebandika bajana, supu ya chesnati kavu zilizokaushwa kwa moshi, pamoja na vitunguu, mfupa wa nyama ya nguruwe na majani makavu ya bustanini. Inachemka polepole mpaka mchuzi unakuwa mzito, rangi ya udongo baada ya mvua. Mimi nikasukuma makaa mbele, nikaweka kikaango cha nyumbani, nikamwaga chesnati zangu, ndogo, nyeusi kidogo, zimechanjwa moja moja na mama mkubwa Lydie ambaye vidole vyake vilikuwa vimepona ghafla usiku. Huziachi zitulie. Unatikisa, unarusha, unatikisa, mpaka mikato inafunguka kama midomo na ganda linaanza kuungua pembeni. Halafu unazimwaga kikapuni na kuzifunika na kitambaa kibichi cha sufu, zitoe jasho, utando uachie wenyewe.

Uwanjani ikalia ya kwanza. Pa!

Watu wakapiga makofi. Ndiyo desturi. Kila mchomaji huacha chesnati moja bila mkato, na ikipasuka, inatangaza kwamba nyingine zimeiva. Baba mkubwa akainua kofia kuwashukuru.

Pa! Ya pili. Makofi yakapungua. Pa! Pa! Halafu kikaango kizima kikalipuka, pa-pa-pa-pa, maganda yanaruka, unga wa moto unaruka, wanaume wameachia mpini na kujificha nyuma ya meza ya divai. Mbwa wa mchungaji akakimbilia kanisani, mahali ambapo hajawahi kuingia kwa hiari. Kipande cha kaa kikaenda kutua kwenye kofia ya baba mkubwa na kuitoboa. Hakuna aliyeumia. Nasema tena, maana kuna wanaoongeza chumvi: hakuna aliyeumia.

Mama mmoja mgeni, mwenye koti jekundu, akaja kusimama chini ya dirisha letu akijipangusa majivu.

"Hicho kinachonukia humo ni nini?"

"Chesnati."

"Ndogo hivi?"

"Onja kwanza, mama, ndiyo useme."

Akaonja. Hakusema. Akanyoosha mkono tena.

Baada ya muda mfupi mlango ulikuwa umezibwa na watu. Mama mkubwa Lydie akagawa bajana bakuli kwa bakuli, na Samuel, yule yule wa msumeno, akafika na kijiko chake mwenyewe kutoka nyumbani. "Nimekuja kuangalia tu," akasema, akala mabakuli mawili ya kuangalia.

Ndipo watu wakapisha. Baba mkubwa akaingia, kofia mkononi, majivu kwenye nyusi.

"Umeniaibisha," akasema. "Mbele ya wageni, mbele ya mke wangu. Nimekuona unazaliwa, Judith."

Sauti yake haikuwa ya kugomba. Hiyo ndiyo ilinishinda kidogo.

"Sitaki makuu," akaendelea. "Niombe radhi hapa hapa, wakisikia hawa wote. Useme ulifanya kosa kugoma jana. Ukisema, Samuel hapandi kesho, na shamba nakuachia ulilime upendavyo. Usiposema, anapanda."

Bibi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto la sufuria. "Mjukuu wangu, ni neno moja tu. Limeze, lipite."

Neno moja. Nililitafuta, msidhani sikulitafuta. Niliiona miti yote, nikaona vikonyo vyangu vilivyoshika. Neno moja, na kesho ningeamka na kupanda kule juu na kikapu. Lakini nikisema nilikosa, nitakuwa nimesema kwamba chesnati za magunia ndizo zilistahili visu vyetu, na zetu ni za nguruwe. Nitakuwa nimeikata miti mwenyewe kwa mdomo. Na mwakani ataleta magunia sita.

"Baba mkubwa," nikasema, "kaa, ule. Umeshinda na njaa."

"Nimekuomba neno, sikuomba chakula."

"Chakula ninacho. Neno hilo sina."

"Basi anapanda kesho."

Samuel akakitazama kijiko chake. "Mimi?" akasema. "Mgongo unaniuma." Watu wakaanza kucheka, lakini baba mkubwa hakumgeukia. Alinitazama mimi.

"Misumeno ipo mingi, Judith. Nauliza mara ya mwisho."

"Usiulize. Mlete yeyote, atanikuta nimesimama pale. Kukosa, sikukosa. Na radhi siombi."